Hedifoni ya kwanza: kwa joto hili la Mtwara, anza na kichwa chako, sauti ifuate

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, Shangani. Tangu malipo ya korosho yaanze kuingia nimeulizwa swali lile lile na watu si chini ya sita: nimepata hela kidogo, nataka hedifoni nzuri, nichukue ipi? Kila mmoja nimemjibu nusu nusu, njiani au dukani, na wawili kati yao wamekwenda kununua vitu ambavyo sasa vimelala kabatini. Inaniuma. Ndiyo maana naushusha uzi huu, atakayeuliza kesho aukute.

Siuzi hedifoni. Kazi yangu ni kuhariri sauti: kaswida, kwaya, video za harusi, matangazo ya maduka. Kwa siku nakuwa na hedifoni kichwani saa tano mpaka saba. Ninayoyaandika nimeyajua kwa masikio yangu na kwa hela yangu.

Wote sita waliniuliza besi. Wanne wakauliza chaji inakaa muda gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza inakaaje kichwani, na hapo ndipo hela nyingi zinapopotea. Hedifoni inayokubana au kukuchoma kwa joto utaivua, na ukishaivua mara tatu nne hutaigusa tena, hata iwe na sauti ya namna gani.

Ya kwanza kununua mimi ilikuwa kubwa, nyeusi, ya Bluetooth, inawaka taa pembeni. Jina lake sitalitaja. Dukani niliivaa dakika mbili, muuzaji akaweka singeli, besi ikapiga mpaka kifuani, nikatoa hela. Nyumbani baada ya nusu saa mikono ya miwani ilikuwa imekandamizwa juu ya masikio, nikivua naona mfereji mwekundu kwenye ngozi. Saa moja ikifika, mito ya masikio imelowa jasho chapachapa. Na mvua za mwaka ule hazijaisha, ile ngozi ya bandia ikaanza kubanduka: vipande vidogo vyeusi kama masizi, vinaganda sikioni, vinaganda kwenye kola ya shati jeupe. Mke wangu akawa ananifuta shingo kila ninapotaka kutoka. Ndani ya miezi minane ilibaki sponji tupu, na sponji ikishabaki tupu besi nayo inakwenda.

Nimejifunza hivi. Ukienda dukani, ivae kwanza bila muziki wowote. Dakika 20. Muuzaji akinuna, nuna naye, hela ni yako. Sikiliza utosini: uzito unakaa sehemu moja au umetawanyika? Sikiliza chini ya sikio, karibu na taya. Halafu angalia kama sikio lako lote limeingia ndani ya mto au ncha yake inagusa kile kitambaa kinachofunika spika. Ikigusa, leo hutasikia kitu, ila baada ya saa moja itawaka kama pilipili. Inama kama unayefunga kamba za viatu, tafuna kama unakula. Isiporuka na isipoachia, inakufaa.

Sasa joto. Kwa sisi wa pwani ya kusini mto wa ngozi ya bandia ni wa kuuangalia mara mbili. Unaziba vizuri na unatoa besi, lakini unatunza jasho, na jasho na unyevu ndivyo vinavyouoza. Mto wa kitambaa au wa mahameli unapumua, unadumu zaidi, ila besi hupungua kidogo. Mimi nimechagua kupumua. Vyovyote utakavyochagua, hakikisha mito inavuliwa na kubadilishwa. Kama imegundishwa moja kwa moja kwenye kikombe cha spika, ikioza umepoteza hedifoni nzima.

Kuna zilizofungwa mgongoni na kuna za mgongo wazi. Za mgongo wazi zina matundu au wavu nyuma ya spika, hewa inapita na sauti inapita. Sennheiser ndiyo walioitoa ya kwanza ya namna hiyo, HD 414, mwaka 1968. Sauti yake haikusongi, unahisi kama waimbaji wamekaa mbele yako barazani, na masikio hayaivi. Ila feni utaisikia, bodaboda utaisikia, na aliye karibu nawe atasikia unachosikiliza. Kwa mtu mwenye chumba chake kilichotulia, nampa ya mgongo wazi bila kusita. Kwa anayelala na wenzake wanne bweni, hapana.

Kuhusu sauti yenyewe, usikubali kujaribu kwa wimbo wa muuzaji. Ameuchagua kwa sababu unaibeba hedifoni yake. Weka wako, ule unaoujua neno kwa neno. Mimi nina rekodi ya ngoma niliyoichukua kwa simu kwenye sherehe huko Newala, haina ufundi wowote, lakini ndiyo mizani yangu. Ngoma kubwa ikipigwa nataka nisikie mkono ukigusa ngozi, halafu mvumo, halafu mvumo ukiisha. Hedifoni mbovu inakupa mvumo tu, dum dum dum, umeunganika kama sabufa ya kwa jirani. Kisha vigelegele. Hapo ndipo trebo, yaani sauti nyembamba za juu, inapojulikana. Kigelegele kizuri kinang'aa. Hedifoni yenye trebo iliyozidishwa inakigeuza sindano, na ukivumilia sindano hiyo dakika tano dukani, nyumbani utapata maumivu ya kichwa. Mara ya kwanza nilipoazima hedifoni nzuri ya mtu, katika rekodi ile ile nikamsikia bibi mmoja nyuma kabisa akihesabu kwa Kimakonde. Rekodi nilikuwa nayo miaka miwili, sikuwahi kumsikia.

Jingine: ukiwa umevaa na muziki unapiga, bonyeza mito yote miwili taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, ujue haikuziba kwako. Kichwa chako na ile hedifoni havikupatana. Usiilaumu sauti, tafuta nyingine.

Namba za kwenye boksi zisikutie wasiwasi. Hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 mpaka 20,000 ndicho kiwango ambacho sikio la mtu mwenye afya hukisikia, na karibu kila boksi limeandika hivyo, hata la elfu 5. Ukubwa wa spika, milimita 40 au 50, nao hausemi ni nzuri au mbaya. Namba moja tu ina kazi kwa anayeanza, nayo ni omu, kipimo cha jinsi hedifoni inavyoukinza umeme. Kwa simu, tafuta kuanzia 16 mpaka kama 80. Beyerdynamic DT 770 Pro kwa mfano iko ya omu 32, 80 na 250, zinafanana kwa sura. Ukichukua ya 250 ukaichomeka kwenye simu, sauti itatoka ndogo, na utadhani umeuziwa mbovu.

Na mwisho, kwa hela ile ile, ya waya inatoa sauti nzuri kuliko ya Bluetooth, kwa sababu kwenye ya Bluetooth umenunua pia betri, chipu na redio ndogo. Anza na waya. Nawasilisha, karibuni tuongeze.

#2

Kaka, ahsante sana, nimesoma mpaka mwisho. Mimi ni mwalimu, niko Masasi. Navaa miwani tangu shule ya msingi. Nasikiliza Kurani na vitabu vya sauti usiku nikisahihisha madaftari, saa mbili tatu hivi. Kila hedifoni niliyojaribu inaniuma hapa juu ya sikio. Kuna inayofaa watu wa miwani au nikubali tu?

#3 – Mleta uzi

Usikubali dada. Mikono ya miwani inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaingia kati ya kichwa na mto, mto unaikandamiza kwenye mfupa ndiyo maumivu, na inafungua mwanya mdogo ambao besi inapitia kutoka. Unahitaji mto mnene na laini sana, ambao unauzunguka mkono wa miwani badala ya kuusukuma, na mbano mdogo. Mahameli hapa inashinda ngozi. Na kama miwani yako ina mikono minene ya plastiki, ukibadilisha fremu siku moja chukua mikono myembamba ya chuma, utaona tofauti kubwa.

Hedifoni mpya hubana kuliko iliyotumika. Kama utepe wake wa utosini una bati la chuma ndani, ivalishe usiku kucha kwenye madaftari uliyopanga, upana uzidi kichwa chako kidogo tu. Siku tatu nne inalegea. Ya plastiki tupu usiifanyie hivyo, itapasuka.

Kwa kuwa wewe unasikiliza usomaji na si muziki wa besi, angalia pia hizi nyepesi za sponji zinazokaa juu ya sikio bila kulifunika. Koss Porta Pro ni ya aina hiyo, ipo tangu 1984 na hadi leo inatengenezwa. Haikandamizi, upepo unapita, unajisahau kama umevaa. Ila inavuja sauti, kwa hiyo kama mzee kalala pembeni atasikia.

#4

Mkuu uzi mzuri, lakini kwenye waya nakupinga. Mimi kila wiki nakwenda Dar na kurudi kwa basi kwa ajili ya mzigo wa duka. Nina ya Bluetooth yenye kuzima kelele. Nikikaa siti za nyuma juu ya injini, bila ile kitu nafika Mbagala kichwa kinagonga. Nikiiwasha ule muungurumo unakatika, nalala mpaka Daraja la Mkapa. Waya utanifanyia nini pale?

#5 – Mleta uzi

Hapo umenishinda mkuu, na nilipaswa kuliandika tangu mwanzo. Kwa safari ya namna yako, ya kuzima kelele ndiyo yenyewe. Ina maiki ndogo inayosikiliza kelele ya nje, halafu spika inatoa wimbi lililo kinyume chake, mawili yanauana. Inaweza sana kelele nzito isiyobadilika: injini, jenereta, feni, ndege. Haiwezi vizuri sauti za ghafla, kama mtoto anayelia au kondakta anayeita kituo. Wanaoinunua ili wasisikie watu wakiongea ofisini wanajikuta wamevunjika moyo.

Faida nyingine ambayo watu hawaitaji: injini ikinyamaza huna haja ya kupandisha sauti ili kuishinda. Masikio yanasalimika.

Ila kwa anayehariri, anayecheza gemu au anayerekodi sauti yake akijisikiliza, Bluetooth inachelewesha. Mdomo unafunguka, sauti inafuata nyuma. Kwa kazi hizo bado nasimama na waya.

#6

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mtwara. Mnazungumzia vitu vya laki na kuendelea. Mimi nina 25,000 na hiyo ni mpaka mwezi uishe. Nifanyeje, au nisubiri?

#7 – Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Usisubiri, ila usinunue hedifoni kubwa kwa hela hiyo. Kwa 25,000 kubwa utapata plastiki na taa. Chukua iafoni ya waya ya kuingiza sikioni. Kiwandani ni rahisi zaidi kutengeneza kitu kidogo kizuri kuliko kikubwa kizuri, na kampuni za China kama KZ na Moondrop zimejijengea jina hasa kwa wanaoanza kwa bajeti ndogo. Nyingi hapa hutazikuta rafuni, unaagiza Kariakoo inakuja kwa basi, kwa hiyo piga hesabu ya nauli ya mzigo kabla hujakubali bei.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana ndilo litakaloamua kama utaridhika. Ndani ya pakiti kuna vipira vya saizi tatu, kidogo, cha kati na kikubwa. Watu wengi wanatumia kile kilichokuja kimevalishwa na vingine wanatupa. Usitupe. Jaribu vyote, sikio kwa sikio, kwa sababu masikio mawili ya mtu mmoja hayalingani. Mimi kulia natumia cha kati, kushoto kikubwa. Vuta sikio kwa juu kidogo kwa mkono mwingine, ingiza, kizungushe, achia. Kikikaa sawasawa, sauti ya feni inarudi nyuma kama mtu amefunga mlango, na besi inajaa. Kisipokaa, utasikia trebo tupu inachakarika, na utakuja hapa kusema nimekudanganya.

Na futa vipira kwa kitambaa kikavu kila jioni. Kwa unyevu wetu nta na jasho vikikaa vinaziba kile kiwavu kidogo, upande mmoja unaanza kufifia.

#8

Vijana wangu, mimi ni mtu mzima niko Lindi. Mjukuu wangu ana miaka 14, anashinda na hivyo vidude masikioni na mimi nikiwa sebuleni nasikia kila neno la wimbo. Majuzi ananiambia, babu usiku nasikia kengele sikioni. Hilo nalo litizameni.

#9 – Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kulileta. Hiyo kengele ni sikio linaomba msaada. Mpelekeni hospitali wamwangalie, na kwa sasa apumzike kabisa na hivyo vitu.

Wenzangu, Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: kwa mtu mzima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kinachotisha ni jinsi muda unavyopungua. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unakatika nusu. Ukifika 90 umebakiwa na saa 4 tu kwa wiki nzima, na 90 kwenye simu inafikika bila shida. Vichembe vinavyohisi sauti ndani ya sikio vikifa havioti upya. Hakuna dawa ya kuvirudisha.

Kama babu yake anasikia maneno ya wimbo kutoka kwenye iafoni zilizo sikioni mwa mtoto, ama sauti ni kubwa mno, ama vipira havijaziba na ndiyo maana anapandisha. Mara nyingi ni yote mawili. Mwekeeni kikomo cha sauti kwenye simu, simu nyingi zinacho kwenye mipangilio. Hili ndilo linalonifanya nisisitize kukaa vizuri sikioni: kinachoziba vizuri kinasikika kwa sauti ndogo.

#10

Wakuu niko Nachingwea, naomba msaada wa haraka. Nimeagiza hedifoni ya waya yenye maiki, imefika leo kwa basi. Kila wimbo mwimbaji hasikiki, zinapiga ala tu kama karaoke, sauti yake iko mbali kama yuko kisimani. Muuzaji hapokei simu. Nimepigwa?

#11 – Mleta uzi

Tulia kwanza. Angalia pini. Ina michirizi mitatu ya plastiki kwa sababu ina maiki, na kava la simu linaweza kuwa linazuia isizame yote. Isukume mpaka usikie tik. Waya wa pamoja, ule unaotumiwa na pande zote mbili, ukikosa kugusa, pande mbili za sauti zinatoana, na kwa kuwa mwimbaji huwekwa katikati sawa kwa sawa pande zote, ndiye anayefutika. Zinabaki ala zilizowekwa kando.

Ikizama yote na bado iko hivyo, waya huo umekatika ndani, kwa kawaida pale pale karibu na pini. Hapo fundi simu anaweza, ila mwambie nyuzi za ndani zimepakwa rangi ya kuzikinga, hazishiki risasi mpaka aichome ile rangi kwanza. Nimeona mafundi wanachomelea juu ya rangi, inashika siku mbili inaachia, halafu hedifoni nzima inaitwa mbovu. Nyekundu, kijani na ile ya shaba kila moja irudi kwake.

#12

Mkuu ilikuwa kava! Nimelivua, imezama, mwimbaji amerudi. Mungu akubariki.

#13

Naongezea kwa wanaoagiza: hedifoni ya jina kubwa kwa bei ya chee ni feki, hakuna muujiza. Mimi nilitumiwa moja, boksi zuri kuliko la halali, lakini L na R zilikuwa zimegeuzwa. Nilijua kwa video ya mpira, krosi inatoka kushoto, shangwe zinatoka kulia.

#14 – Mleta uzi

Shukrani mkuu. Nalo ni jaribio zuri. Na ukikutana na rekodi ya zamani ya dansi, nyingi ni mono, yaani pande zote mbili zinapata sauti ile ile, kwa hiyo sauti inatakiwa ikae katikati ya paji la uso. Ikielemea upande, kuna spika iliyo dhaifu.

Kwa walio Mtwara mjini: ninazo tatu ninazotumia, moja ya mgongo wazi, moja iliyofungwa ya mahameli, na ya sponji. Jumamosi baada ya saa kumi nitakuwa nazo pale Bustani ya Mashujaa. Njoo na simu yako na wimbo wako. Hakuna kununua kitu, ni kuvaa tu mpaka ujue kichwa chako kinataka nini.

#15

Ni mimi mwalimu wa Masasi. Nilikuja mjini Jumamosi kwa shughuli zangu nikapitia. Nimezivaa zote tatu nikiwa na miwani yangu, kila moja nusu saa, kaka alinivumilia. Ile ya mgongo wazi ndiyo nilidhani nitaipenda, sauti yake tamu mno, lakini kwa saa mbili za madaftari nimeona uzito. Nimeagiza ya sponji. Imefika juzi. Jana nimesahihisha madaftari 45 ya Kidato cha Pili na nilipovua miwani sikuwa na alama yoyote juu ya sikio.